Usiwe Binti wa Madame Odile

Mwanangu Nekesa,

Nakusikia huko chini ukicheka na wenzako waliokuja kukuaga, kwa hiyo sikuulizi hali. Kesho mchana ndege itakuchukua kwenda Ufaransa, kwa Madame Odile. Nimekaa kwenye meza ya chumbani nikikuandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo tangu uanze chekechea umenisikiliza kwayo na kunijibu kwa Kiingereza. Najua utaisoma barua hii polepole, pengine kwa kidole. Nataka uisome polepole.

Sitakuandikia habari za koti, pasipoti wala dawa za mafua. Baba yako ameshakuhubiria hayo tangu theluji ianze kuyeyuka. Mimi nataka kukueleza kwa nini namdharau mwanamke unayekwenda kuishi kwake, na kwa nini, pamoja na hayo, sijakuzuia. Nimesema namdharau. Sikusema namchukia. Nilikuwa mwalimu kabla sijawa muuguzi, na bado napenda kila neno likae mahali pake. Ukimchukia mtu umemtengea chumba moyoni, unakwenda kumtembelea kila siku. Ukimdharau umemwona alivyo, ukafunga mlango, ukaendelea na kazi zako. Madame Odile sikuwahi kumtengea chumba. Ila sasa amekuomba wewe, na hilo limenirudisha mlangoni kwake.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya sisi Wakenya wa huku ughaibuni kule Burnsville, kina mama walinizunguka karibu na birika la chai.

"Mama Nekesa, hongera. Tumesikia mtoto anaenda France."

"Anaenda."

"Anaenda kusomea nini?"

"Anaenda kukunja mashuka," nikasema.

Wakacheka. Mama Brian akanipiga begani. "Wewe nawe na utani wako. Si tunasikia ni hoteli ya maana?"

"Ni nyumba ya wageni mashambani. Ina ng'ombe."

"Hata kama. Bora ni France. Huko hata kukunja shuka ni exposure."

Huyo Mama Brian, mwanawe angepata kazi ya kukunja mashuka katika hoteli iliyo hapa kando ya barabara kuu, angeitisha maombi ya kufunga na kukesha. Shuka ni lile lile. Kwake linabadilika likivuka bahari. Nakwambia haya ili ujue kwamba dharau yangu ni ya kutosha, nawagawia wengi, na nyingine nimejibakizia mwenyewe kwa sababu nimeistahili.

Tuanze na kiangazi kile. Ulikuwa na miaka kumi na mitano na unakikumbuka kama bustani. Mimi nakikumbuka vingine, na nadhani unapaswa kwenda na kumbukumbu zote mbili.

Kabla ya hapo familia yetu haikuwahi kwenda likizo. Tulikuwa tukienda nyumbani, Kenya, na kwenda nyumbani si likizo. Ni masanduku yaliyojaa viatu vya watu wengine, ni mazishi uliyoyakosa na sasa unapelekwa kuonyeshwa kaburi, ni kukaa kwenye sebule za watu huku kila anayekukumbatia akikupapasa mfuko kwa macho. Baba yako alikuwa amechoka. Mwenzake wa ofisini kule Golden Valley, mtu mwenye mashua na maoni kuhusu kila kitu, alimwambia kwamba watu wenye akili hawaendi Paris kupanga foleni. Wanachukua vyumba katika nyumba ya wageni mashambani, wanakula, wanalala, hawafanyi kitu. Baba yako alikuja jikoni akanirudia maneno hayo kama mtu anayesoma ahadi za Mungu.

"Majuma mawili, Mama Nekesa. Hatufanyi kitu. Hakuna mtu atakayetuomba kitu."

Nyumba ilikuwa nzuri, sitaidanganya karatasi. Kuta za mawe, madirisha yenye mbao za buluu, bonde la kijani chini yake, na wale ng'ombe weupe waliotembea taratibu kama wastaafu. Madame Odile alitupokea mlangoni na aproni ya kitani, ile ya kupigwa pasi kwa uangalifu ili ionekane haijapigwa pasi. Alinishika mikono yote miwili.

"Hapa hatuna wateja," alisema kwa Kiingereza chake cha kuchagua maneno mojamoja. "Hapa tuna marafiki tu."

Baba yako alikuwa ameshalipa vyumba viwili tangu majira ya baridi, kama mteja mwingine yeyote. Lakini mimi, mwanamke mzima niliyesoma, nilisikia neno marafiki moyo ukalainika kama ugali uliozidi maji.

Pale mezani kwake tulikula na wale mke na mume kutoka Paris. Unamkumbuka yule bwana aliyesimama karibu na zizi akavuta pumzi, akatuambia kwamba hiyo ndiyo harufu ya maisha ya kweli? Mimi nilizaliwa ndani ya harufu hiyo, nje kidogo ya Kakamega, na hakuna aliyewahi kuniambia ni ya kulipiwa. Babu zake waliikimbia wakaenda mjini, naye sasa anatoa pesa alale karibu nayo kwa juma moja, kisha asubuhi akikanyaga kinyesi anamlaumu ng'ombe. Ungecheka kama usingekuwa unajifunza Kifaransa kwake.

Chakula cha jioni kilikuwa kwenye ile meza ndefu chini ya mti, wenyeji na wageni pamoja, na Madame Odile alikuwa akinyanyuka kila mara kubeba sahani. Jioni ya kwanza nilivumilia. Ya pili niliposikia vikombe vikigongana mikononi mwake, miguu yangu ilisimama kabla sijaiambia.

"Kaa," baba yako akasema kwa sauti ya chini. "Tumelipia kukaa."

"Siwezi kukaa mama wa watu anabeba sahani peke yake."

"Ana mume. Yule pale. Ana mikono miwili na anazungumza kuhusu divai."

"Nitambebea hizi tu."

"Mama Nekesa, hizi tu ndizo huwa zinaanza."

Alikuwa na haki, na sikumpa. Sisi tumelelewa hivyo: mwanamke anayetembelea nyumba ya watu akabaki sebuleni siku nzima ni mwenye majivuno, na anayeingia jikoni akashika kisu ndiye amependa wenyeji. Tunasema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Mimi nililitafuta jembe mwenyewe siku ya pili, kwenye nyumba niliyoilipia.

Kesho yake nilikuwa jikoni kwa Madame Odile nikikata mishiri, yale maharagwe machanga ya kijani, hiyo hiyo tunayoilima Kenya ili wao waile. Alishangilia. Aliniambia, "Sijawahi kuona mgeni kama wewe," na mimi nikavimba. Siku iliyofuata nilimpikia chapati, akapiga picha. Ilipofika Ijumaa nilikuwa nimesimama mbele ya jiko lake nikisukuma chapati za meza nzima, na yeye amekaa chini ya mti na wageni wake, ameshika glasi, akiwaeleza kwamba rafiki yake wa Afrika ameamua kuwaandalia jambo la pekee. Sikuwa nimeamua. Niliulizwa nikiwa tayari nimeshika mti wa kusukumia.

Baba yako alipita mlangoni akanitazama. "Sisi ndio wageni wa kwanza duniani kulipa ili tufanye kazi," akasema. "Nikuletee unga?"

Nilimwambia aende akasome gazeti lake. Nilikuwa nafurahia kusifiwa, Nekesa. Hili nataka ulielewe, kwa sababu umerithi kwangu. Kazini kwangu, kwenye nyumba ya wazee, nageuza watu kitandani, nawasafisha, nawasikiliza wakiniita kwa majina ya dada zao waliokufa, na shukrani nyingi huwa ni kengele nyingine inayolia chumba cha pili. Kule Ufaransa alikuwepo mwanamke mwenye nyumba ya mawe aliyeniambia mikono yangu ina kipaji. Kwa sifa hiyo ningempikia chapati za kijiji kizima.

Wewe nawe ulikuja nyuma yangu. Asubuhi nilikuona kwenye kamba ya nguo ukimsaidia Madame Odile kuanika mashuka, mnavuta kila mmoja upande wake, yeye akikufundisha majina ya vitu kwa Kifaransa, wewe ukirudia na kucheka. Ulikuwa na furaha. Sitakunyang'anya hilo. Hapa Apple Valley ulikuwa na mwaka mbaya shuleni, ulikuwa huongei mezani, na kule ghafla ukawa na mtu anayekuuliza maswali na kusubiri jibu. Nilipokuita uje tukatembee ulinijibu bila kugeuka, "Mum, I'm busy." Nami nikaridhika. Nilisema moyoni, mtoto amepata mahali pa kuchanulia.

Kisha yakaja mambo ya taulo. Mwanamke mmoja Mholanzi, aliyefika jana yake, alikukuta kwenye ngazi akakuwekea taulo mbichi mikononi na kukuomba nyingine kavu. Hakukuuliza kama wewe ni mgeni. Ulizichukua, ukamletea nyingine, na Madame Odile aliyekuwa amesimama pale pale akasema asante, binti yangu. Ilitosha aseme neno moja tu, kwamba huyu ni mgeni kama wewe. Halikumtoka. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha la jikoni, mikono ina unga hadi viwiko, nikaona yote. Nami pia sikusema. Nilijiambia ni jambo dogo, mtoto mwenyewe hajaumia, nisiharibu urafiki. Ningekuwa na akili ningetoka na unga wangu nikaziweka zile taulo mikononi mwa Madame.

Jumamosi ya mwisho ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Nyumba ilijaa. Binti wa Madame Odile, yule Clémence, alikuwa amekuja kutoka mjini. Siku mbili nzima alikuwa amelala kwenye kile kitanda cha wavu kati ya miti miwili, anasoma, anaamka kula, anarudi kulala. Sikumwona akishika kijiko isipokuwa kilikuwa kinaelekea mdomoni mwake. Simlaumu. Alikuwa kwao. Jioni Madame Odile alikuja jikoni, mahali nilipokuwa nikimenya viazi, akanishika bega.

"Meza imejaa," akasema. "Wageni ni wengi mno. Nyinyi ni familia sasa, hamtajali kula hapa jikoni, sivyo? Hapa ni pazuri zaidi. Pana joto."

Nikasema hatutajali.

Clémence alikaa kwenye meza kubwa chini ya mti, kando ya mama yake. Wewe na mimi tukala jikoni, kati ya sufuria. Uliniambia, "It's cozy, Mum," na ukaegemeza kichwa chako begani kwangu. Baba yako aliingia, akatazama sahani tatu zilizopangwa kando ya sinki, akatazama nje kupitia dirishani, akanitazama mimi. Hakupaza sauti. Alisema, "Nitakuwa kwenye gari," akachukua pakiti ya biskuti akaondoka. Wewe ulikasirika naye. Ulisema ana kiburi, anaharibu kila kitu kizuri. Nami nikakuacha uamini hivyo hadi leo, kwa sababu kumtetea kungenilazimu kueleza ni nini nilichokuwa nimekiona kwenye zile sahani tatu.

Nilichokiona nakueleza sasa.

Shangazi Rispa unamjua kama bibi mwenye miwani kwenye picha ya harusi yetu. Mimi namjua tangu nikiwa msichana mdogo, alipokuja kwetu kijijini na gari la mumewe, akamwambia mama yangu, "Nipe huyu. Nitamsomesha Nakuru. Hatakuwa mfanyakazi, atakuwa mtoto wangu." Mama yangu alimshukuru hadi akalia. Nilikwenda. Nilisoma, ni kweli, na sitasahau kusema hivyo. Lakini kabla ya shule nilikuwa nimeosha vyombo na kumvisha mtoto wake mdogo, na baada ya shule nilikuwa nafua. Wageni wakija aliwaambia, "Huyu si mfanyakazi, huyu ni mtoto wetu kabisa," na wageni walimsifu kwa moyo wake. Kisha watoto wake wakaitwa mezani kusalimia na kula, na mimi nikala jikoni. Pana joto, aliniambia. Naapa ni maneno hayo hayo.

Jirani alikuwa na msichana wa kazi aitwaye Jane, mkubwa kwangu kidogo. Jane alikuwa akipita langoni Jumapili mchana na mafuta ya nywele, anakwenda kutembea mjini. Nilimwomba Shangazi niende naye. Akanishangaa. "Jane anapumzika kwa sababu ni mfanyakazi. Wewe unapumzika kutokana na nini? Si uko nyumbani?"

Nilimwonea Jane wivu kwa miaka. Ilinichukua muda mrefu sana kuelewa nilikuwa nikimwonea wivu wa nini, nawe nakupa bure: mfanyakazi ana Jumapili, mtoto hana. Mfanyakazi akichoka anaacha kazi, na watu wanasema ameacha kazi. Mtoto wa kuchukuliwa akichoka, watu wanasema hana shukrani. Mfanyakazi akikosewa anadai. Aliyeambiwa ni mtoto wa nyumba akidai, amevunja moyo wa mama aliyemlea. Tamko lile tamu linachukua mshahara wako, mapumziko yako na sauti yako, kisha linakuacha ukisema asante. Hakuna mnyanyasaji mwenye fimbo anayeweza kuyapata hayo yote kwa bei rahisi hivyo.

Wala usidhani ni Nakuru na Ufaransa tu. Msimamizi wetu kazini, mtu wa tabasamu refu, wauguzi wakipungua mwisho wa juma hunipigia simu na kusema, "Najua ni siku yako ya ofu, lakini hapa sisi ni familia." Siku nilipofiwa na mama yangu na kuomba siku za ziada niende kumzika, familia ilinisomea kanuni. Nilizika kwa haraka, nikarudi, na wiki iliyofuata nikafanya shifti mbili mfululizo kwa ajili ya mwenzangu aliyeugua, kwa sababu bado nilipenda kuitwa mtu wa nyumba. Ndivyo mtu mwenye shahada anavyoweza kuwa mjinga kwa muda mrefu.

Kwa hiyo nilipoziona zile sahani tatu kando ya sinki la Madame Odile nilijua niko wapi. Nilikuwa nimevuka bahari mbili, nimepata uraia, nimelipia chumba chenye dirisha linaloangalia bonde, na bado nilikuwa nimetembea kwa miguu yangu hadi jikoni kwa Shangazi Rispa, nikamvuta binti yangu mkono. Madame Odile hakunilazimisha. Ndiyo maana namdharau kwa utulivu. Yeye si mkatili, angekuwa mkatili ningemheshimu kidogo kwa juhudi. Ni mtu anayeona sahani ikibebwa na haulizi kwa nini inabebwa na aliyelipia. Wema wake wote uko upande unaomfaa. Na amejizoeza kuuona huo kuwa moyo mkubwa, hata machozi humlengalenga akiusimulia.

Mwaka huu ilipofika barua pepe ya Madame Odile, kwamba anahitaji msaada kuanzia majira ya kuchipua, kwamba amekukumbuka, kwamba chumba kipo na Kifaransa chako kitanyooka, ulishuka ngazi mbio ukanisomea. Alikuwa ameandika utakuwa kama binti yake. Nilikuuliza mshahara ni kiasi gani. Ulinitazama kama nimetema mate sakafuni.

"Mum, it's not like that. Ananielewa."

Ulichanganya lugha kwa hasira, ndipo nikajua ni jambo la moyoni. Na nikanyamaza, kwa sababu nilielewa pia kwamba hutaki uuguzi, hutaki ofisi ya baba yako, unataka kujifunza kutengeneza jibini na kuendesha nyumba yenye meza ndefu, na pale ndipo mlango pekee uliofunguka. Ni kazi nzuri. Unaweza kuifanya vizuri kuliko yeye. Kukuzuia kungekuwa kukufundisha kwamba kazi ya mikono ni aibu, na hilo silo ninalolidharau hata kidogo. Nakuomba tu uende kuifanya kama kazi.

Basi leo asubuhi, ulipokuwa umeenda kununua zawadi, nilimpigia simu Madame Odile. Sikukuambia. Nakuambia sasa.

Alifurahi kunisikia. Aliuliza habari za chapati. Nikamwambia sikupiga kwa ajili ya chapati, nataka kujua Nekesa atalala wapi, siku zake za mapumziko ni zipi, mshahara ni kiasi gani na mkataba utaandikwa lini.

Akacheka kidogo. "Lakini rafiki yangu, haya si mambo ya kuandikiana kati yetu. Yeye ni kama binti yangu."

"Clémence hajambo?"

"Clémence? Yuko salama, asante. Atakuja Agosti."

"Akija Agosti, atakunja mashuka?"

Nikasikia akivuta kiti.

"Meza ikijaa," nikasema, "Clémence atakula jikoni?"

"Sielewi kwa nini unaniuliza hivi."

"Kwa sababu binti unaye tayari, na anakaa mezani. Nekesa naye ana mama. Mama yake ni mimi. Wewe utakuwa mwajiri wake, na nataka uwe mwajiri mzuri. Hiyo ndiyo heshima ninayokuomba, nyingine baki nayo."

Nikasikia saa yake ya ukutani. Kisha akasema, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake, nyembamba na safi, "Nilidhani tulikuwa marafiki."

"Nami nilidhani nilikuwa mgeni wako," nikasema.

Tulizungumza baada ya hapo kama watu wazima wawili, na ninakiri kwamba hapo ndipo nilipompenda kidogo. Ana hesabu nzuri kichwani akiacha kulia. Utakuwa na Jumatatu na Jumanne zako. Utakuwa na chumba chenye ufunguo, si kile cha kando ya mashine za kufulia alichokuwa amekipanga. Mshahara utaingia benki kwa jina lako, na mkataba ameutuma jioni hii. Uko chini ya barua hii. Usitie saini hadi uusome wote, na usipoelewa sentensi, uliza maana yake hata ikimchosha.

Sasa sikiliza gharama yake, kwa sababu umeilipa wewe bila kuulizwa. Nimekuharibia mapokezi. Utakapofika hatakukumbatia kama ulivyoota kwa miaka minne. Atakuwa na adabu. Atakuonyesha chumba, atakueleza saa za kazi, na pengine atakuita kwa jina lako kamili. Utaumia, na utaniona mimi niliyeuvunja ule uzuri kwa simu moja. Ni kweli nimeuvunja. Ubaridi huo ndio ukuta wako, nimeujenga mimi kwa sababu wewe usingeweza. Una moyo wangu, ungeshika sahani ya kwanza kabla hujavua koti. Usijaribu kumpasha moto upya kwa kufanya kazi siku zako za mapumziko. Jumatatu wageni wakifurika nawe ukaona anahangaika ngazini, moyo utakuuma kama ulivyoniuma mimi. Acha uume. Funga mlango, teremka kijijini, kunywa kahawa, kaa. Kazi yako ukiijua vizuri na mipaka yako akiizoea, huenda siku moja mkawa marafiki kweli. Mimi na yeye hatukufika huko, kwa sababu nilianza kwa kumhudumia.

Na baba yako, ambaye ulimwita mwenye kiburi kwa sababu ya biskuti na gari, mwombe radhi kabla hujaondoka. Alikuwa mtu pekee kati yetu watatu aliyekaa kama mgeni.

Sitasubiri nikupe barua hii uwanja wa ndege, pale watu wanapoomba msamaha haraka kwa sababu foleni inasogea. Nitaiweka juu ya kitanda chako sasa hivi, wenzako wakiondoka uikute. Najua utakasirika. Utasema nimeingilia, nimekuaibisha, mimi si mtu wa kuaminika. Yaseme yote, kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, kwa lugha yoyote inayokuja haraka. Piga mlango ukitaka. Kwa Madame Odile hasira kama hiyo ingekugharimu chumba. Hapa haikugharimu kitu: ukimaliza kukasirika, au hata kabla hujamaliza, utaitwa tu ushuke uje kula, na kiti chako kiko mezani.

Mama yako.